Mafuta ya karafuu: chupa mbili kutoka Zanzibar na miezi saba ya kuyatumia

Karafuu tumekua nayo. Imo katika pilau, imo katika chai ya viungo, imo katika singo anayosingwa bibi harusi, na mwenye jino linalouma hupewa punje moja aitafune upande wenye maumivu. Kwa sababu hiyo, mtu anapouziwa mafuta yake katika kichupa kidogo huyachukulia kuwa ni karafuu ile ile iliyogeuzwa maji, naye hufungua kifuniko bila hofu yoyote. Mimi pia nilianza hivyo. Nimeyatumia mafuta haya kwa miezi saba, kutoka chupa mbili nilizozinunua Zanzibar kwa ajili ya tiba ya manukato, ambayo wengi sasa huiita aromatherapia. Tathmini hii ni ya bidhaa yenyewe: harufu yake, kazi inazozifanya kweli, na mambo ambayo mnunuzi angepaswa kuambiwa kabla ya kulipa.

Chupa ya kwanza niliipata katika duka la viungo na manukato lililomo ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Ni ya kioo cha kahawia, mililita 10, ina kifuniko chenye mpira wa kuvutia matone, na lebo yake inatangaza kwa herufi kubwa kwamba ni mafuta safi ya karafuu kwa asilimia mia moja. Chini ya tangazo hilo ipo orodha ya fadhila: huondoa mawazo, huleta usingizi, hutuliza jino na misuli, hufukuza mbu, na mtu anaweza kunywa matone machache kila asubuhi. Hakuna tarehe, hakuna jina la kitaalamu la mmea, wala onyo hata moja. Chupa ya pili niliinunua Chake Chake, ya ujazo ule ule kwa karibu nusu ya bei. Hii ilikuwa na lebo ndogo isiyovutia, lakini ilieleza kwamba mafuta yametolewa kwa makonyo, ikataja mwezi yalipotolewa, na ikaagiza yawekwe mbali na watoto.

Neno hilo la makonyo linahitaji kuelezwa kwa asiyetoka visiwani, kwa kuwa ndilo linalotenganisha bidhaa hizi mbili. Karafuu inapochumwa huja katika vishada, na kabla ya kuanikwa huchambuliwa ili kutenganisha karafuu yenyewe, ambayo ni tumba la ua lisilofunguka, na vikonyo vilivyolibeba. Karafuu kavu ndiyo yenye bei. Makonyo yana mafuta pungufu, yapata asilimia 5 au 6 ya uzito wake, wakati karafuu yenyewe hufika asilimia 15 hadi 20, lakini ni ya bei rahisi mno, na ndiyo maana kiwanda cha kutoa mafuta cha Wawi, karibu na Chake Chake, kilicho chini ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, kinajulikana kwa watu wa Pemba kwa jina la kiwanda cha makonyo. Majani ya mkarafuu nayo hutoa mafuta. Yote matatu hupatikana kwa njia moja: mvuke hupitishwa katika mali iliyojazwa ndani ya pipa lililofungwa, ukabeba mafuta, kisha ukapozwa hadi maji na mafuta yakaachana.

Sehemu kubwa ya mafuta haya ni kemikali iitwayo yujenoli, na humo ndimo nguvu na hatari zake zote zimo. Katika mafuta ya karafuu yenyewe huwa kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 85, na sehemu ya kilichobaki ni asetati ya yujenoli, ambayo hulainisha harufu na kuitia utamu unaokaribia wa matunda. Katika mafuta ya makonyo yujenoli hupanda hadi karibu asilimia 90 na asetati hupungua sana, kwa hiyo harufu huwa kavu, kali, yenye kunukia kuni. Nilipoweka tone moja la kila chupa juu ya vipande viwili vya karatasi na kuvirudia baada ya saa tatu, tofauti ilikuwa wazi hata kwa mama, ambaye hakuambiwa kipi ni kipi: chupa ya Mji Mkongwe ilinukia chungu cha pilau kilichofunuliwa, na ile ya Chake Chake ilinukia chumba cha daktari wa meno. Kwa harufu peke yake, basi, chupa ya kwanza inastahili bei yake.

Je, yalikuwa safi kama lebo ilivyodai? Ziko njia mbili za nyumbani ambazo hazimalizi swali lakini huwaumbua wanaochanganya mafuta ya kula. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, jambo ambalo si la kawaida kwa mafuta ya manukato, kwa hiyo tone lake likidondoshwa katika bilauri ya maji huzama, ilhali mafuta ya nazi au ya alizeti huelea. Njia ya pili ni ile karatasi: mafuta tete huruka na kuiacha kavu, ingawa ya karafuu huchelewa na yanataka uvumilivu wa siku nzima au zaidi, na mafuta ya kula huacha doa linalopitisha mwanga. Chupa zote mbili zilifaulu. Kufaulu huko hakuthibitishi kwamba ile ya kwanza haikuongezewa mafuta ya majani, kwa sababu nayo huzama vile vile. Kwa hilo ingehitajika maabara, au muuzaji anayeandika ukweli.

Matumizi niliyoyaridhikia zaidi ni yale yasiyogusa mwili. Ninacho chetezo cha umeme kinachotawanya mvuke wa maji, chenye ujazo wa mililita 100, na baada ya majaribio kadhaa nimetulia katika matone mawili ya karafuu na matatu ya mchaichai, kwa muda wa dakika ishirini au thelathini, dirisha likiwa wazi. Nyumba inanukia vizuri kuliko kwa dawa za kupuliza za madukani, na harufu ya samaki wa kukaanga huisha. Jaribio la kwanza, la matone manane na dirisha limefungwa, lilinipa maumivu ya kichwa na koo likawasha. Kuhusu madai ya kuondoa mawazo na kuleta usingizi nitasema kwa tahadhari: utafiti mwingi wa tiba ya manukato umefanywa juu ya mrujuani (lavenda) na mimea mingine michache, na karafuu imeguswa kidogo tu. Mimi binafsi harufu yake hunichangamsha badala ya kunilaza, nami sioni sababu ya kuitumia usiku.

Kwenye ngozi mambo hubadilika. Wataalamu wa usalama wa mafuta ya manukato wamependekeza kwamba mafuta ya karafuu yasizidi asilimia 0.5 ya mchanganyiko wa kupaka, kiwango kidogo sana kikilinganishwa na mrujuani, ambao watu hutumia kwa asilimia 2 na zaidi bila shida. Ukichukua kwamba mililita moja ni takriban matone ishirini, asilimia 0.5 ni matone kumi katika mililita 100 za mafuta ya nazi, au matone matatu katika kichupa cha mililita 30. Muuzaji wa Mji Mkongwe, kijana mpole na mwenye nia njema, aliniagiza nitie matone kumi na tano katika kijiko kimoja cha chakula. Kijiko hicho ni mililita 15, kwa hiyo nilikuwa nimepewa mchanganyiko wa asilimia 5, mara kumi ya kikomo. Nilijipaka begani jioni baada ya siku ya kubeba mizigo. Joto la mwanzo lilikuwa la kupendeza, nikadhani dawa inafanya kazi. Usiku likawa moto wa kweli, na ngozi ikabaki nyekundu na yenye kuwasha kwa siku mbili. Niliongeza kosa kwa kujimwagia maji, ambayo hayayeyushi mafuta haya vizuri. Kilichosaidia ni kujifuta kwanza kwa mafuta ya nazi matupu, kisha kuosha kwa sabuni.

Tangu hapo natumia kiwango cha matone kumi kwa mililita 100, na kwa magoti ya mama yanatosha: anasikia joto jepesi, anapenda harufu, na dakika kumi za kukandwa zinamfaa, ingawa siwezi kuapa kama kinachomfaa ni karafuu au ni mkono. Kabla ya kumpaka nilijaribu sehemu ndogo ya ndani ya mkono wake na kusubiri siku mbili. Jaribio hili si la kupuuzwa, kwa sababu yujenoli ni miongoni mwa vitu vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio wa ngozi, kiasi kwamba madaktari wa ngozi huitumia katika vipimo vyao vya mzio, na Umoja wa Ulaya unataka itajwe kwa jina kwenye vipodozi vinavyozidi kiasi kidogo kabisa. Mwili ukishaikataa mara moja hausahau: mtu huyo anaweza kuwashwa baadaye na sabuni, manukato, au hata dawa ya meno yenye kemikali hiyo.

Maji ya kuoga nayo yana mtego wake. Mafuta mengine ya manukato yakitiwa katika beseni huelea juu, na haya huzama, kwa hiyo anayeketi katika beseni hukalia mafuta yasiyochanganywa. Nalitaja hili hasa kwa ajili ya wanaokanda wazazi baada ya kujifungua, kwani nimesikia wakunga wa mtaani wakishauri matone yake katika maji ya moto mahali pa majani ya zamani. Majani yaliyochemshwa hutoa mafuta kidogo kidogo. Kichupa hakina ustaarabu huo.

Jino ndilo dai lenye mizizi mirefu, na humo karafuu ina haki yake. Yujenoli hufisha ganzi kwa muda, na madaktari wa meno wamekuwa wakiichanganya na oksidi ya zinki ili kupata saruji ya kuziba jino kwa muda. Jaribio moja la Kuwait, lililochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha watu wazima 73, lilikuta kwamba jeli ya karafuu iliyopakwa kwenye ufizi ilipunguza uchungu wa sindano kwa kiasi kinachokaribiana na cha jeli ya ganzi ya hospitali. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa jeli iliyopimwa, ikapakwa na watu wenye ujuzi kwa dakika chache. Shemeji yangu alichovya pamba katika chupa ya makonyo, akaisokomeza kando ya jino na kulala nayo. Asubuhi jino lilikuwa bado linauma, na ufizi umekuwa mweupe na unachubuka. Daktari aliyemwona alimwambia kwamba ameunguza nyama, na kwamba shimo lililokuwa likiuma lilihitaji kuzibwa tangu mwezi uliopita. Kwa maoni yangu punje nzima ya kutafuna ni salama kuliko pamba hiyo, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachoponya jino lililooza.

Sasa nifike kwenye agizo la kunywa, ambalo ndilo linalonifanya nisiipendekeze chupa ya kwanza kwa nyumba yenye watoto, hata kama harufu yake imeishinda ya pili. Hesabu si ngumu. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani iliweka kiasi kinachokubalika cha yujenoli kuwa miligramu 2.5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu mzima wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 150. Tone moja la mafuta haya lina kama miligramu 40 za yujenoli, kwa hiyo matone manne humvusha kikomo, na hayo ndiyo matone machache ya kila asubuhi. Mtoto wa kilo 10 ana nafasi ya miligramu 25, ambazo ni pungufu ya tone moja. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kina mafuta ya zaidi ya karafuu 200. Hakuna mama anayeweza kumtafunisha mtoto karafuu 200, lakini kijiko humezwa kwa mara moja.

Kuvuka kikomo hicho kwa matone mawili hakumuui mtu, kwani kimewekwa kwa ukarimu wa tahadhari. Kijiko ni jambo jingine. Taarifa za kitabibu zimeandika habari za watoto wadogo waliokunywa kati ya mililita 5 na 10 na kuingia katika usingizi mzito, degedege, sukari kushuka, na ini kushindwa kufanya kazi, kwa namna inayofanana na mtu aliyezidisha parasetamoli. Baadhi yao walitibiwa kwa dawa ile ile inayotumika kwa parasetamoli. Chupa niliyonayo mkononi ni mililita 10, inanukia pilau, na kifuniko chake kinafunguka kwa vidole viwili. Mtoto akinywa, asitapishwe nyumbani; apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue ni nini na ni kiasi gani.

Wapo pia watu wazima ambao wangefaa kujiepusha au kumuuliza daktari kwanza. Yujenoli huzuia chembe za damu kushikana, kwa hiyo anayetumia warfarini au aspirini kwa ajili ya moyo, na anayengojea upasuaji, hana sababu ya kuyanywa. Wajawazito wasiyanywe, na watoto wa chini ya miaka miwili wasipakwe kabisa. Mwenye pumu anaweza kubanwa na harufu kali ya aina yoyote, na hii ni kali. Paka nao wanastahili kutajwa, maana Mji Mkongwe ni wao kuliko wetu: ini la paka halina uwezo mzuri wa kuondoa kemikali za aina hii, hivyo chetezo kisiwashwe katika chumba ambacho paka hawezi kutoka. Samaki hali yao inajulikana zaidi, kwani wafugaji hutumia mafuta ya karafuu kuwalevya wanapotaka kuwapima au kuwahamisha.

Kujifukiza nilikujaribu mara mbili. Tangu 2020 wengi wetu tuliingia chini ya blanketi na chungu cha mkaratusi na mchaichai, na sasa wapo wanaotia matone ya chupa badala ya majani. Tone moja katika bakuli, macho yakiwa yamefungwa, lilizibua pua yangu kwa muda mfupi. Mawili yalinitoa machozi. Majani yanabaki kuwa bora. Kuhusu mbu, mafuta yasiyochanganywa yamewafukuza kwa saa kadhaa katika majaribio ya maabara, lakini kiwango hicho huunguza ngozi, na ukiyapunguza hadi pale yanapofaa kupakwa, mbu hurudi mapema. Chandarua changu kipo pale pale.

Jambo la mwisho ni la vyombo. Yujenoli hulainisha baadhi ya plastiki, nami nilijifunza hivyo kwa kikombe cha plastiki ngumu nilichokitumia kuchanganyia, ambacho kilipata ukungu na kunata ndani ya saa moja. Tangi la chetezo nalo limepoteza mng'aro, kwa hiyo sasa nalifuta kila baada ya matumizi. Mpira wa kuvutia matone wa chupa ya kwanza ulianza kulegea mwezi wa tatu na kuyatia mafuta harufu ya mpira, kosa la muundo ambalo halina udhuru katika bidhaa ya bei ile. Chupa ya Chake Chake ina kizibo chenye tundu dogo kinachotoa tone moja moja, na bado ni kizima. Mafuta yote mawili yamegeuka rangi kutoka manjano hafifu kuelekea kahawia, jambo la kawaida kwa karafuu inapokutana na hewa, nami nimeandika tarehe ya kufungua kwenye kila chupa.

Kwa harufu ya nyumba na kwa mafuta ya kukandia, kichupa kimoja hukaa muda mrefu, maana cha makonyo kimebakiza robo baada ya miezi saba. Nitakinunua tena. Cha Mji Mkongwe ningekirudia kwa ajili ya chetezo tu, kama lebo ingebadilishwa. Nilirudi dukani mwezi uliopita na kumwonesha yule kijana hesabu ya kijiko na matone. Alisikiliza kwa adabu, akauliza: kama si kumi na tano, ni mangapi? Nikamjibu kwamba kwa kijiko chake ni tone moja na nusu, na kwa kuwa nusu tone halipo, amwambie mteja atumie chupa ya mililita 100 na matone kumi. Aliyaandika maneno hayo kwa kalamu juu ya boksi la karatasi lililokuwa mezani. Chupa zilizokuwa rafuni nyuma yake bado zilikuwa na lebo ile ile.